Rezista Ipi kwa LED ya Rangi Ipi? Mwongozo Kamili wa Kupima, Kukokotoa na Kuunga

Malalamiko huja yaleyale. LED nyekundu imewaka kwa ukali, ikageuka rangi ya chungwa, ikazima moja kwa moja. Bluu haiwaki kabisa. Nyeupe inang'aa mchana paneli ikichaji, usiku inafifia. Ukiuliza rezista (kipande kinachobana mkondo wa umeme) iliyotumika, unaambiwa ya omu 220 au 330, kwa sababu ndiyo mtu fulani alionekana akiitumia.

Rezista hizo mbili hazina kosa. Kwenye volti 5 zinafaa rangi karibu zote. Mambo huharibika zinapohamishiwa betri ya volti 12 au seli moja ya lithiamu bila hesabu kurudiwa. Hapa tutafanya hesabu hiyo hatua kwa hatua, na kabla ya hesabu tutapima, maana namba za kukariri ndizo zinazounguza LED za watu.

## Vifaa

- LED za milimita 3 au 5 za rangi unazotaka, na mbili tatu za ziada.
- Rezista za robo wati: 120, 220, 330, 470, 680, 820, 1k, 1k2, 1k5 na 2k2. Namba ni omu; k ni elfu na hukaa mahali pa nukta, kwa hiyo 1k2 ni omu 1200. Chache za nusu wati kama utafanya kazi na volti 12 au 24.
- Multimita ya dijitali. Ya bei ndogo inatosha.
- Betri ya volti 9 kwa ajili ya kupimia.
- Bredibodi (ubao wa kuungia saketi bila kulehemu), au nyaya fupi zenye vibanio.
- Chanzo cha umeme utakachotumia mwishoni: chaja ya simu, betri ya sola, betri ya gari, seli ya tochi.

Onyo kabla ya yote. Mwongozo huu ni wa umeme wa betri na adapta tu. Usichukue LED na rezista ukaziunga kwenye soketi ya ukutani ya volti 230. Kupitisha miliampea 10 tu, rezista ingelazimika kutoa joto la wati 2 na zaidi, LED ingepigwa na mamia ya volti za kinyume kila mzunguko wa umeme, na wewe ungekuwa umeshika nyaya zinazoua.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni LED ya kawaida

Aina nne hazifuati hesabu tutakayoifanya.

Ya kwanza ni LED za nguvu za wati 1 au zaidi, zile zilizobandikwa kwenye kibati cha alumini. Hizo hutaka miliampea 300 hivi, kibati cha kupoza na draiva yake, yaani kifaa cha kudhibiti mkondo. Ya pili ni vipande vya njano vilivyotolewa kwenye balbu na taa za kumulika nje. Ndani ya kipande kimoja kuna chipu kadhaa, kwa hiyo kinaweza kudai volti 9, 12 au hata 36. Ya tatu ni LED zinazouzwa zikiwa na waya mwekundu na mweusi na maandishi ya volti 12: rezista imo tayari chini ya plastiki, na ukiongeza nyingine utapata mwanga hafifu. Ya nne ni zile zinazopepesa zenyewe, ambazo zina saketi ndogo ndani.

LED ya kawaida ina miguu miwili mitupu na kichwa cha plastiki. Basi.

## Hatua ya 2: Tambua chanya na hasi

Mguu mrefu ni chanya. Kama miguu imeshakatwa, papasa ukingo wa chini wa kichwa: upande uliokatwa bapa ni hasi.

LED huvumilia takriban volti 5 tu za kinyume. Ukikosea kwenye chaja ya simu haiwaki, unaigeuza, maisha yanaendelea. Ukikosea kwenye volti 12 inaweza kufa hapo hapo, au ikabaki nusu mfu na kukusumbua wiki ijayo.

## Hatua ya 3: Pima volti zinazoliwa na LED yako

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye jibu la swali la rangi.

LED haipitishi karibu chochote mpaka ifikie volti zake. Ikizifikia, ongezeko dogo sana linapandisha mkondo kwa kasi. Volti hizo hutegemea madini iliyotengenezwa nayo, na madini ndiyo yanayoamua rangi. Mwanga wa bluu hubeba nishati kubwa kuliko mwekundu, hivyo bluu hudai volti nyingi zaidi. Nyeupe ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake. Ndiyo maana volti zake ni zile zile za bluu.

Viwango vya kawaida ni hivi:

| Rangi | Volti inazokula |
|---|---|
| Infraredi (rimoti) | 1.2 – 1.5 |
| Nyekundu | 1.8 – 2.2 |
| Chungwa na njano | 2.0 – 2.2 |
| Kijani cha zamani, chenye unjanonjano | 2.0 – 2.4 |
| Kijani kikali, kinachoelekea samawati | 3.0 – 3.4 |
| Bluu | 3.0 – 3.4 |
| Nyeupe | 3.0 – 3.4 |

Angalia kijani. Kiko mara mbili. LED mbili za kijani kutoka kwenye mifuko tofauti zinaweza kupishana kwa volti nzima, na zikiwa zimezimwa huwezi kuzitofautisha kwa macho. Hii peke yake inatosha kukufanya upime.

Namna ya kupima:

1. Chukua rezista ya 1k. Iunganishe na chanya ya betri ya volti 9.
2. Ncha ya pili ya rezista iende kwenye mguu mrefu wa LED.
3. Mguu mfupi urudi kwenye hasi ya betri. LED itawaka.
4. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gusisha waya mwekundu wa mita kwenye mguu mrefu na mweusi kwenye mfupi.
5. Andika namba uliyoiona, pamoja na rangi.

Rezista ya 1k imechaguliwa kwa sababu haiwezi kuumiza rangi yoyote ya kawaida: nyekundu itapata miliampea 7 hivi, bluu karibu 6.

Ukifanikiwa utaona kitu kama 1.95 kwa nyekundu au 3.08 kwa bluu, na namba itatulia. Ukiona 8 au 9 na LED haiwaki, imegeuzwa au imekufa. Ukiona sifuri, miguu imegusana, LED imeungua ndani kwa kushikana, au betri haijaunganika vizuri.

Kuna watakaosema mita ina alama ya dayodi, kwa nini tusitumie hiyo? Itumie kwa nyekundu ukipenda. Mita nyingi za bei ndogo hazitoi volti za kutosha kwenye kipimo hicho kuwasha bluu au nyeupe, na LED nzima hutupwa kwa kudhaniwa mbovu.

## Hatua ya 4: Pima chanzo kikiwa juu kabisa

Maandishi kwenye betri hayatoshi. Betri ya "volti 12" ya gari au ya sola hukaa karibu na 12.6 ikiwa imejaa na imetulia, na hupanda hadi 14.4 inapochajiwa. Seli ya lithiamu ya "3.7" huanzia 4.2 ikijaa na kushuka hadi 3.0 ikiisha. Lori la volti 24 linaweza kufika karibu 29 injini ikiunguruma.

Hesabu ya rezista hufanywa kwa namba ya juu, ili LED isiungue siku nzuri. Kisha unaipitia tena kwa namba ya chini, uone kama bado itawaka siku mbaya. Wanaolalamika kwamba taa ya dashibodi ilidumu wiki moja, mara nyingi walikokotoa kwa 12 kamili.

## Hatua ya 5: Amua mkondo

LED nyingi za milimita 5 zina ukomo wa miliampea 20 mfululizo. Ukomo si lengo. Mimi huanzia 10, na sioni sababu ya kwenda 20 kwa taa ya kuonyesha tu kwamba kifaa kimewashwa.

Kwa bluu, nyeupe na kijani kikali, shuka zaidi. LED hizi za kisasa hung'aa mno. Miliampea 1 au 2 inatosha kwa taa itakayokaa chumba cha kulala. Nyekundu na kijani cha zamani zenye kichwa cha ukungu zinahitaji 8 hadi 10 ndipo zionekane vizuri mchana.

Ukiendesha LED kutoka kwenye pini ya Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), baki chini ya 20. Kwa bodi za volti 3.3 kama ESP32, 5 ni salama na inaonekana.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Toa volti za LED kwenye volti za chanzo. Kinachobaki ni mzigo wa rezista. Gawanya kwa mkondo:

Rezista = (volti za chanzo − volti za LED) ÷ mkondo kwa ampea

Miliampea 10 ni ampea 0.01. Kama desimali zinakuchanganya, gawanya kwa miliampea kisha zidisha kwa 1000.

Nyekundu ya volti 2.0 kwenye chaja ya 5: zinabaki 3. Gawanya kwa 0.01, unapata omu 300.

Bluu ya 3.1 kwenye chaja hiyo hiyo: zinabaki 1.9. Jibu ni omu 190.

Sasa hamia betri ya sola, kwa 14.4. Nyekundu inabakiza 12.4, yaani omu 1240. Bluu inabakiza 11.3, yaani omu 1130.

Linganisha majibu hayo. Kwenye volti 5, nyekundu ilidai rezista kubwa kuliko ya bluu kwa zaidi ya nusu. Kwenye 14.4 tofauti imekuwa kama asilimia kumi, na jicho haliioni. Rangi ina uzito pale volti za chanzo zinapokuwa chache. Chanzo kikiwa kikubwa, rezista moja itafaa rangi zote, na cha kuogopa kinakuwa joto.

### Pale bluu inapogoma: seli moja ya lithiamu

Chukua seli iliyojaa, 4.2. Bluu inabakiza 1.1, kwa miliampea 10 ni omu 110, tunachukua 120. Seli ikishuka hadi 3.7, zinabaki 0.6 na mkondo unakuwa kama miliampea 5. Ikifika 3.2, hakuna kilichobaki cha maana na LED inafifia ingawa seli bado ina chaji.

Weka nyekundu mahali pale pale na rezista ya 220. Ikijaa unapata miliampea 10, na hata seli ikiwa 3.0 bado kuna 4 na kitu. Kwa hiyo kwenye kifaa cha seli moja, taa ya kuonyesha iwe nyekundu au njano. Hakuna rezista itakayomfanya bluu awe mtiifu hapo. Ukiipunguza ili ing'ae seli ikiwa chini, utaiunguza seli ikijaa. Betri mbili ndogo za tochi, zenye jumla ya volti 3, ni vivyo hivyo.

## Hatua ya 7: Chagua thamani inayouzwa, kisha angalia wati

Omu 1240 huzikuti dukani. Rezista za kawaida huja katika mpangilio huu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, na vizidisho vyake vya kumi. Chukua iliyo juu ya jibu lako. Ukienda juu unapoteza mwanga kidogo. Ukienda chini unaipunguzia LED maisha.

Kwa lengo la miliampea 10, majibu ni haya:

| Chanzo | Nyekundu, njano, kijani cha zamani | Bluu, nyeupe, kijani kikali |
|---|---|---|
| Volti 5 | 330 | 220 |
| Volti 9 | 820 | 680 |
| Volti 12 (hadi 14.4) | 1k5 | 1k2 |

Ukikosa 1k2 kwenye mstari wa mwisho, tumia 1k5 kwa rangi zote.

Sasa joto. Zidisha volti zilizobaki kwa mkondo kwa ampea, unapata wati. Nyekundu kwenye 14.4 na rezista ya 1k5 hutoa wati 0.1, na rezista ya robo wati inazibeba bila shida. Ukilazimisha miliampea 20, wati zinafika 0.25, yaani ukingoni kabisa. Hapo chukua ya nusu wati. Kwenye lori la volti 24, hata miliampea 10 zinaivusha robo wati. Tumia nusu wati ya 3k3 na usiipachike kwenye plastiki.

Na ile 220 maarufu je? Iweke na nyekundu kwenye 14.4: mkondo unazidi miliampea 50 na rezista inatoa zaidi ya nusu wati. Inanuka kabla hujamaliza kufunga kifuniko.

## Hatua ya 8: Thibitisha rezista yenyewe

Mistari ya rangi husomwa hivi: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwenye rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, wa nne ni kiwango cha usahihi.

Kwa hiyo nyekundu, nyekundu, kahawia ni 220. Chungwa, chungwa, kahawia ni 330. Kahawia, kijani, nyekundu ni 1k5. Zile zenye mwili wa bluu huwa na mistari mitano, mitatu ya kwanza ikiwa tarakimu. 220 yake ni nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyeusi.

Kwenye mwili wa bluu, kahawia na nyekundu hufanana chini ya taa mbaya. Usibishane na macho: weka mita kwenye omu na upime kabla ya kuunga. Usishike ncha zote mbili kwa vidole kwenye rezista kubwa, mwili wako utaingia kwenye kipimo.

## Hatua ya 9: Ukitaka LED zaidi ya moja

Sambamba, yaani LED zikiwa bega kwa bega kwenye chanzo kimoja. Kila LED iwe na rezista yake. Hapa ndipo wengi wanapobana matumizi: wanaunga nyekundu na bluu pamoja, rezista moja mbele yao. Nyekundu inashikilia volti kwenye 2, bluu inayodai 3 haipati kitu, na mkondo wote unapita kwenye nyekundu. Hata rangi zikifanana haziwi sawa kabisa. Inayodai volti kidogo hula mkondo zaidi, inapata joto, na joto linazidi kuzishusha volti zake.

LED ya rangi tatu kwenye kichwa kimoja ina miguu minne. Rezista zinakuwa tatu, moja kwa kila rangi, kamwe si moja kwenye mguu wa pamoja. Ukiweka moja, rangi itabadilika kila unapowasha ya pili.

Mfululizo. LED zikifuatana mkondo ni mmoja, kwa hiyo rezista moja inatosha na rangi unaweza kuzichanganya. Jumlisha volti zake zote kwanza.

Kwenye betri ya sola, bluu mbili ni 6.2. Kutoka 14.4 zinabaki 8.2, rezista ni 820. Betri ikishuka hadi 11.5 bado unapata miliampea 6 na nusu. Ukiweka bluu tatu, jumla ni 9.3 na rezista ni 560. Betri ikishuka mkondo unaanguka kutoka 9 hadi chini ya 4, na hiyo ndiyo taa inayofifia usiku. Bluu nne zinadai 12.4: betri ikitoka kwenye chaji unabaki gizani. Iachie rezista angalau robo ya volti za chanzo kinapokuwa chini.

## Hatua ya 10: Unga, kisha pima ukiwa umewasha

Rezista inaweza kukaa upande wa chanya au wa hasi, haina tofauti. Kwenye gari, weka fyuzi ndogo karibu na betri, na funika kila kiungo kwa utepe wa umeme. Unapolehemu, usikawie kwenye mguu wa LED zaidi ya sekunde tatu.

Ukiwasha, usikimbilie kipimo cha ampea. Mtu akisahau waya wa mita kwenye tundu la ampea kisha akagusa betri, fyuzi ya mita inakufa. Pima volti kwenye ncha mbili za rezista na ugawanye kwa omu zake. Ukisoma 3.0 kwenye rezista ya 330, mkondo ni miliampea 9.

Ukifanikiwa: mkondo uko kati ya 5 na 10, au kiwango ulichokilenga, rangi ni ile ile baada ya dakika kumi, rezista ina uvuguvugu tu ukiigusa. Kwenye gari au sola, rudia kipimo injini au paneli ikiwa inachaji.

## Ikigoma

- Haiwaki, rezista ina volti sifuri. Hakuna mkondo. Geuza LED, kisha kagua viungo.
- Haiwaki, lakini rezista ina karibu volti zote za chanzo. LED imeshikana ndani. Badilisha.
- Nyekundu inaonekana ya chungwa. Mkondo umezidi. Zima mara moja, pima rezista upya. Mara nyingi ni 150 iliyodhaniwa 1k5, kahawia kusomwa nyekundu.
- Nyeupe imegeuka samawati baada ya miezi. Imekuwa ikiendeshwa kwa mkondo mkubwa au joto. Weka mpya na upandishe rezista ngazi moja au mbili.
- Kijani kimoja kinang'aa kuliko vingine vyote. Umechanganya aina mbili. Rudi hatua ya 3, uzitenge kwa mita, na kile kikali ukipe rezista kubwa, hata 2k2 kwenye volti 5, mpaka vilingane machoni.